Sifa za Turubai

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, kanga nayo imesifiwa mpaka na wasioivaa. Turubai la shughuli, lile linalofungwa uani au katikati ya mtaa pakiwa na harusi, msiba, maulidi au ubarikio, sijasikia likitungiwa hata ubeti mmoja. Hutajwa likivuja tu. Nimeona tulitendee haki, maana sioni kitambaa kingine chini ya jua la Dar es Salaam kinachositiri watu wengi hivyo kikalipwa matusi.

Tuanze na nasaba, kama adabu inavyotaka. Upande mmoja ukoo wake ni wa baharini: mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 17 walipaka lami vitambaa vizito ili mizigo isilowe. Upande wa pili ni wa maabara. Machi 1933, huko Northwich, Uingereza, wakemia wawili wa kampuni ya ICI, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakiishindilia gesi ya ethilini kwa mgandamizo mkubwa wakitafuta jambo jingine kabisa. Walipofungua chombo wakakuta mabaki meupe yenye utelezi wa nta. Hiyo ndiyo polithini, na ndiyo inayofumiwa turubai la bluu unaloliona sokoni. Basi jua kwamba limezaliwa kwa ajali, na tangu hapo halijaachana na ajali.

Fadhila zake huanza kuonekana siku ya kulichagua. Ukoo ambao haujakutana tangu matanga ya babu utakutana kwa ajili ya turubai. Baba mkubwa atasema la mita 6 kwa 10 linatosha, linameza viti mia moja kwa kubanana. Shangazi ataguna: "Mia moja, kaka? Wale wa Tanga peke yao si ndio hao?" Mama mdogo, mshika daftari la michango, atataka kujua kwanza nani ameahidi na nani ametoa. Shemeji, ambaye hakuulizwa, atamjua kijana mmoja wa Temeke anayekodisha kwa bei ya udugu.

Ukubwa wa turubai haujulikani mpaka idadi ya wageni ijulikane, na idadi ya wageni haijulikani mpaka mtu mmoja aseme mbele za watu kwamba fulani hahesabiki. Hapo ndipo kikao kinapopata moto. Shamba la Kisarawe lililouzwa bila idhini linatajwa. Mahari ambayo haikumaliziwa inatajwa. Binamu aliyekosa kumzika baba yake mdogo anajadiliwa kwa kirefu, kisha anapewa kiti, tena cha mbele, kwa sababu anafanya kazi bandarini na mchango wake unategemewa. Baraza la kata lingehitaji vikao vingapi kufika hapo? Turubai limemaliza yote kwa jioni moja, nalo bado limekunjwa stoo kwa mwenyewe.

Kisha kitambaa. La polithini ni jepesi na mfuko unalimudu, ila jua hulitafuna mpaka likaanza kupukutika juu ya vichwa vya wageni. Rangi yake ya bluu nayo ina karama: hupaka kila uso ubuluu, na picha zikitoka, bibi harusi na mama mkwe wamefanana kama waliozaliwa tumbo moja. La pamba nzito, la kizamani, lina heshima zake. Linapumua, na likilowa nyuzi zake huvimba zikaziba vitundu. Lina sharti moja tu, usiliguse kwa ndani mvua ikinyesha, maana pale ulipogusa maji hupata njia. Na katika kila shughuli yupo mjomba mmoja atakayenyanyua kidole kuhakikisha.

Wenye nafasi huchukua la PVC. La gramu 600 kwa mita ya mraba, kwa kipimo kile cha baba mkubwa, ni kilo 36 likiwa kavu, bila nguzo. Halivuji, lakini halipumui pia. Saa nane mchana pilau lililokwisha pakuliwa huendelea kuiva mezani, na wageni pamoja nalo. Mimi nalipenda hasa kwa hilo. Mgeni rasmi aliyekuja na kurasa sita za nasaha, akisimama chini ya PVC mwezi wa Februari, atasoma ya kwanza, atafuta jasho, ataruka mpaka ya mwisho.

Lakini utukufu wa turubai ni tumbo lake. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na lita moja ni kilo moja. Turubai la mita 6 kwa 10, likipokea mvua ya milimita 20, ambayo masika ya Dar yanaweza kuileta kabla sufuria halijaepuliwa, limeteremshiwa lita 1,200: tani moja na ushei. Likifungwa kwa mteremko, maji hujiendea zake. Likifungwa legelege, na nguzo ya kati ikawa fupi kwa sababu ile ndefu iko kwenye shughuli nyingine Mwananyamala, maji hukaa.

Utaliona tumbo likianza kama sahani, kisha linashuka, linashuka, mpaka linamgusa bibi kizaa bwana harusi utosini. Vijana wawili wanaitwa. Mmoja anapanda juu ya kiti cha plastiki, ambacho mguu mmoja umeshatitia kwenye tope, anainua tumbo kwa mpini wa ufagio. Mwingine anapiga kelele, "Taratibu! Peleka huku, huku!" Huku ni wapi, hakuna anayejua. Maji yanakimbilia upande wa pili, yanapita juu ya akina mama wa sare ya kijani, yanazunguka nguzo, na yote kwa pamoja yanamwagikia meza kuu. Hapa turubai limetenda uadilifu usiojua cheo: mwenyekiti wa kamati amelowa sawasawa na mpiga vinanda. Tena baada ya hapo watu husogeleana, na mashangazi waliokuwa hawasalimiani tangu saa nne asubuhi hujikuta chini ya kanga moja.

Kwa mtaa mzima lina faida nyingine. Kamba zake hufungwa kwenye nondo za dirisha la jirani, ambaye kwa njia hiyo amealikwa bila kadi. Barabara ikifungwa, kwa kibali cha serikali ya mtaa au kwa kibali cha ujirani, dereva wa bajaji hujifunza njia za uchochoroni ambazo angekufa bila kuzijua. Upepo wa kusi ukivuma linakuwa tanga lisilo na chombo, na wanaume wazima waliokuwa wakibishana mpira huning'inia kwenye nguzo, kila pembe wawili, kwa umoja ambao siasa imeutafuta bila kuupata.

Niache utani kidogo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, wengi wao wasemaji wa Kiswahili hikihiki. Huko familia haikai kikao cha kuchagua. Turubai la msaada huja na kipimo chake, kwa kawaida mita 4 kwa 5 au 4 kwa 6, na ndilo paa, pengine na ukuta pia, na shughuli yake haiishi Jumapili jioni.

Sisi tunaochagua, basi tuchague vizuri. Angalia mishono iwe miwili, pete za kamba ziwe za chuma, na nguzo ya kati ipite za pembeni kwa urefu wa kuonekana kwa macho, si wa kuambiwa na kijana wa Temeke. Kamba usiifunge kwenye nguzo ya umeme hata kama imekaa pazuri namna gani.

Ukoo ukichoka kukodi hununua lake, na hapo ndipo turubai linapoanza maisha ya hisani. La familia halilali nyumbani. Leo liko Mbagala kwa shangazi, kesho Kibaha kwa shemeji wa shemeji, na limehudhuria misiba mingi kuliko shehe wa mtaa. Hurudi na doa la mchuzi, harufu ya moshi wa kuni na salamu nyingi. Visivyorudi ni vyuma.

Kwa hiyo wewe uliyeazima letu kwa ubarikio wa mwanao, unajijua. Hongera ya mtoto, na pilau tulikula. Nguzo mbili za kati na furushi la kamba hatujaziona. Tuna khitma Jumamosi. Tafadhali zilete kabla ya Ijumaa jioni, na kama zimepinda, zilete hivyohivyo.