Kibuyu, Jiko na Mkono wa Ye Hua

Kibuyu cha mama mkwe kilipasuka usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2024, mahali fulani kati ya Ye Hua wa kwenye tamthilia kupoteza mkono na Beatrice Chebet kunyakua dhahabu ya mita 10,000 kule Paris. Dakika yenyewe siijui. Sebuleni mwetu hapa Kapsoya, Eldoret, kulikuwa na kilio, kikafuatwa na vigelegele, na katika makelele hayo kibuyu kikafia jikoni peke yake.

Nianze na jicho, maana bila jicho hakuna kisa. Katikati ya Julai mama mkwe alishuka kwenye matatu kutoka Nandi, amebeba kuku mmoja, mfuko wa majani ya isagek na sotet yake, yaani kile kibuyu cha maziwa ya mursik, yenye kifuniko cha ngozi na shanga shingoni. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Upasuaji ulienda vizuri. Akarudi na kitambaa jichoni, miwani myeusi, dawa ya matone na makatazo: asiiname, asiinue kitu kizito, asikaribie moshi. Mtu aliyeishi miaka sabini akiinama, akiinua na kupuliza moto akaambiwa akae kwenye kochi la mkwe wake.

Siku mbili za kwanza alikaa akihesabu makosa yangu. Nilikuwa nayo ya kutosha.

Aliyetuokoa ni binti yetu wa kidato cha tatu. Nilikuwa nimempa pesa za kupiga chapa maswali ya marudio, naye akazipeleka kwa kijana wa duka la filamu karibu na stegi, shilingi 10 kila sehemu, akarudi na flashi yenye sehemu 58 za tamthilia ya Kichina ya mwaka 2017 inayojulikana kwa Kiingereza kama Eternal Love. Nilipokuwa nikitafuta mwiko wa kumwadhibu, mama mkwe alisikia zumari ikilia kwenye runinga akauliza, "Hao ni akina nani?"

Walikuwa Wachina wakizungumza Kichina, na maandishi ya chini yalikuwa Kiingereza. Mama mkwe husoma Biblia ya Kinandi, tena kwa macho mawili. Basi nikawa msimulizi wa filamu, DJ Afro wa Kapsoya. Niliketi mbele nikisoma maandishi na kuyageuza Kiswahili, nikifanya sauti ya mungu, sauti ya shetani na sauti ya mbweha. Binti alinicheka hadi nilipomweleza kwamba huko China kwenyewe waigizaji wengi hutiliwa sauti na watu wengine, na kwamba mwaka 2011 Watanzania waliitazama kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake. Hicho cha pili nilikisema polepole. Aliyehusika alikuwa ameketi nyuma yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Bai Qian ni mbweha wa kifalme kutoka Qingqiu, ana miaka 140,000. Anapokonywa nguvu na kumbukumbu, anaangukia duniani akiwa mwanamke wa kawaida, anaitwa Su Su. Anaolewa na Ye Hua, mjukuu wa mfalme wa mbinguni, kijana wa miaka 50,000. Mama mkwe akainua mkono nisimame hapo. Mwanamke ni mkubwa kuliko baba ya bwana harusi? Nikamwambia subiri: kabla ya hapo alikuwa amechumbiwa na ami yake huyo Ye Hua, ami akatoroka na mjakazi. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza ibinda, yaani rika, ya kila mmoja wao, aone ni wapi ndoa hii ingezuiliwa. Huko kwao marika ya wanaume huzunguka, jina likishapita hurudi baada ya zaidi ya miaka mia, na mtu haoi binti wa mwanarika mwenzake. Nilibahatisha. Akaniambia kwamba nimekosea, Mo Yuan hawezi kuwa wa rika la Kaplelach na sura ile.

Mo Yuan ni mungu wa vita, mwalimu wa Bai Qian, na anafanana na Ye Hua kwa sababu wote wawili wameigizwa na mtu mmoja, Mark Chao. Sisi wenye macho mazima tuliwachanganya mpaka sehemu ya kumi na ngapi sijui. Mama mkwe, kwa jicho moja, hakuwachanganya hata mara moja. "Huyu mkubwa anatembea kama mtu aliyelipa madeni yake yote," alisema. Ule uigizaji ni mzuri kwa sababu ya mwendo, na ni yeye aliyenifundisha kuuona. Yang Mi naye ni Su Su mnyonge, ni Bai Qian mwenye kiburi, ni mwanafunzi wa kiume wa kujifanya, na huhitaji mavazi kujua ni yupi.

Halafu ikaja ile sehemu ya macho. Su Su anasingiziwa na Su Jin, suria mwenye wivu, na hukumu ya mbinguni ni kwamba atolewe macho apewe mwenzake. Anayeyatoa ni mumewe. Nilisoma maandishi hayo mara mbili nikidhani nimekosea. Mama mkwe aligusa kitambaa chake, akasema neno la Kinandi ambalo mume wangu, Baba Watoto, alikataa kunitafsiria, akaenda kulala bila chai. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye kochi. Bai Qian aliporudi kuwa mungu, macho yake hayakustahimili mwanga, akawa anajifunga utepe mweupe wa hariri. Mama mkwe akavaa miwani yake myeusi, akakaa wima. Tangu jioni ile hakuwa mgonjwa tena, alikuwa mwenzake Bai Qian.

Sasa kasoro. Wanyama wanne wa Yingzhou, wale wanaomla Ye Hua mkono wa kulia, wanaonekana kama vibandiko vya daftari la chekechea. Kila chozi huambatana na kumbukumbu, na kila kumbukumbu tumeshaiona, mara nyingine jioni hiyohiyo. Sehemu 58 za dakika kama 45 ni zaidi ya saa 43. Nasema bila woga kwamba sehemu 15 zingeachwa na hakuna mbweha ambaye angelalamika.

Lakini kasoro iliyonitoa povu ni ukimya. Ye Hua anampenda Su Su, na ili kumlinda na wakubwa wa mbinguni anajifanya hamjali. Hamwambii. Sentensi moja tu, wakiwa chumbani wawili, ingemwachia mwanamke macho yake. Baadaye anapoteza mkono akitafuta mmea wa kumwamsha Mo Yuan, anatia nguvu zake mwenyewe ndani ya dawa, na hilo pia analificha. Niliacha kutafsiri nikahutubia sebule. Hawa watu wanapita mawinguni, wanaishi miaka laki, na hawawezi kufungua mdomo? Baba Watoto akakubali. Mama mkwe akasema, "Soma."

Hilo "soma" ndilo lililoua kibuyu. Mchana huo nilikuwa nimeosha sotet, na kwa kuwa Agosti ya Eldoret ni mvua na baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari nguo zenyewe hazikauki, nikaiegemeza karibu na jiko la makaa mlangoni mwa jikoni. Ikikauka ningeipaka mkaa wa mti wa senetwet kama alivyonielekeza. Mimi ni mtu wa Bungoma, sikupewa kipaji hicho. Mara mbili nilitaka kuinuka nikaitazame. Mara mbili nikaambiwa soma, mkono uko mdomoni mwa mnyama. Kisha Baba Watoto akadai zamu yake, kwa sababu saa nne kasoro Chebet angekuwa uwanjani, na katika mji huu hakuna mbweha anayeshindana na mita 10,000. Hata mama mkwe alisimama. Tulipiga kelele mpaka majirani wakajibu.

Usiku wa manane nikaikuta. Ubavu mmoja umekuwa mweusi, ufa umetoka mdomoni hadi kitako. Ilikuwa sotet ambayo mama mkwe alipewa na mama yake alipoolewa.

Nikaifunga kwa khanga nikaificha nyuma ya gunia la mahindi.

Asubuhi aliuliza kama imekauka. Nikasema bado, kuna unyevu. Jumapili nikasema bado. Jumatatu nikasema nimeipeleka juani kwa jirani. Jioni niliketi mbele nikiwatafsiria watu wanaofichana mambo, na sauti yangu ikaanza kukwama pasipo sababu inayoonekana.

Tarehe 15 Agosti Rais Ruto alikuja kutukabidhi hati ya jiji. Baba Watoto na vijana walienda kuuona mji ukiwa jiji. Mimi nilipita katikati ya umati ule nikitafuta kibuyu. Nilikipata kwa mama mmoja pembezoni mwa soko, kipya, bado kinanuka boga. Nilikipaka mafuta ya kupikia na masizi, nikakivisha zile shanga na kile kifuniko cha ngozi, nikakiweka mezani kama mtu asiye na habari. Mama mkwe alikinyanyua. Akakigeuza, akanusa, akakirudisha taratibu.

"Washa," akasema.

Tukatazama mwisho. Ye Hua amejitoa kwa ile kengele inayomfunga mfalme wa mashetani, na Bai Qian anaomboleza miaka mitatu. Kisha, kwenye msitu wa maua ya pichi, huyo hapo. Binti akalia. Baba Watoto akasema kwamba kumrudisha ni kudanganya. Mama mkwe alimkatiza: wewe mwenyewe ulipozaliwa tulitaja majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine, hadi ulipopiga chafya kwenye jina la babu yako. Nani aliyedanganywa hapo? Baba Watoto akatazama zulia.

Kisha mama mkwe akavua miwani, akanitazama kwa jicho jipya.

"Sasa niletee changu. Hicho kilicho nyuma ya mahindi."

Alijua tangu asubuhi ya Jumamosi. Gamba la kibuyu likiungua halinuki kama senetwet, alisema, na pua yangu haikupasuliwa.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilitaka kuona utamaliza sehemu ngapi." Akahesabu kwa vidole. "Kumi na moja."

Akaagiza sindano ya magunia na uzi wa nailoni, akakishona usiku huohuo chini ya taa, ameinama kinyume cha amri ya daktari, mimi nikimshikia ufa usifunguke. Hakiwezi tena kushika maziwa. Alirudi nacho Nandi kikiwa na mbegu za maharagwe, na kile kipya akaniachia, na fimbo ya senetwet juu yake.

Jicho la pili lilipangiwa Oktoba. Binti alishagundua kwamba kuna tamthilia ya kuendeleza ile, ya mwaka 2020, sehemu 56. Safari hii aliniomba pesa za filamu, akasema ni za filamu.