Fahali Akigeuza Mgongo

Mapigano ya mafahali ya Waisukha na Waidakho wa Kaunti ya Kakamega yana kanuni moja tu: atakayegeuza mgongo akakimbia ndiye aliyeshindwa. Hachinjwi mnyama, wala hapandwi mgongoni. Katika rodeo ya Marekani mpanda fahali hutakiwa kudumu juu ya mnyama sekunde 8, naye mtazamaji hukaa nyuma ya ua wa vyuma. Kwenye viwanja vingi vya Khayega na Shinyalu ua ni watu wenyewe. Fahali aliyeshindwa hana pa kupita ila katikati ya hao waliokuja kumtazama, na hapo ndipo chanzo cha misukosuko yote.

Kwa mkazi wa Moi's Bridge misukosuko huanza mapema zaidi. Mji huo, ulioitwa Hoey's Bridge enzi za walowezi, uko kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, na mafahali hupiganishwa asubuhi na mapema, kabla jua halijawachosha. Basi safari ni ya usiku. Matatu ya kwanza haiondoki mpaka ijae, na saa kumi alfajiri wa kuijaza hawapo, isipokuwa kuku wawili kikapuni ambao makanga huwahesabu kama abiria pale tu inapomfaa. Kutoka Eldoret njia hupita Kapsabet na Chavakali. Anayechelewa hukuta pambano limekwisha na watu wakibishana juu yake, nayo mabishano hayo huwa marefu kuliko pambano lenyewe.

Aliyewahi humsikia fahali kabla ya kumwona. Huletwa na umati unaoimba na kupiga isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Msafara huja mbio. Mgeni aliyesimama kando ya njia apige picha hujikuta amezolewa, anakimbia na watu asiowajua kuelekea asikokujua, mkono mmoja juu kuokoa simu. Zamani mafahali walipiganishwa hasa kwenye matanga ya wazee wenye heshima. Siku hizi hata sikukuu na shughuli za wanasiasa huwa na pambano. Baadhi ya mafahali hupewa majina ya wakubwa, na jina kubwa likikimbia la kwanza, utani wake haulali.

Pambano lenyewe laweza kuanza kwa aibu. Mafahali husimama wakatazamana, mmoja akainama akala nyasi, wenyewe wakahimiza kwa fimbo na maneno matamu. Kisha pembe hugongana, mbavu hupanda na kushuka, udongo huruka. Mtazamaji mzoefu hatazami pembe. Hutazama miguu ya nyuma, na ikianza kuteleza, yeye keshaondoka.

Mgeni huondoka pamoja na fahali, tena mbele yake, kwa njia ileile anayoitaka fahali, ilhali mwenyeji amepiga hatua mbili tu kando. Gambuti moja hubaki matopeni. Mpera ulio karibu una watu wanne tayari, na tawi linalomngoja wa tano si la kuaminika. Hapo mtu hupiga kelele kwamba sweta nyekundu ivuliwe. Fahali hatambui wekundu; kinachomchokoza ni kitu kinachotikisika. Lakini huo si wakati wa somo la bayolojia, na sweta huvuliwa kwa kupungwa juu ya kichwa, yaani kwa namna hasa ya kumwita.

Vumbi likitua, aliyeshikishwa pesa za dau hutafutwa, maana naye alikimbia, na upande aliokimbilia kila mtu anao wake. Video za simu zina mbingu, nyasi na sauti ya mtu akimwita mamake. Fahali mwenyewe hupatikana katika shamba la jirani, ametulia, anatafuna mahindi, na mwenye shamba amekwisha kuhesabu mistari iliyoliwa. Bei huanzia juu, na mwenye fahali hulipa huku bado akishikilia kwamba mnyama wake aliteleza tu.