Mashahidi Wanane wa Munda

Panda matatu Ukunda, keti karibu na mkulima, umuulize alivuna magunia mangapi mwaka jana. Atakujibu kabla kondakta hajafunga mlango. Sasa muulize alitumia pesa ngapi kuyapata. Mtapita njia panda ya Msambweni, mtafika Ramisi, na bado yuko kwenye vidole vya mkono wa kwanza.

Munda, ndivyo tunavyoliita shamba kwa Kidigo, una mashahidi wake. Nimewapanga kwa uzito, naanza na wa nane nikirudi hadi wa kwanza. Ukitaka kubisha, karibu, ila uje na maandishi.

8. Kichwa

Wazee wetu hawakuwa na kalenda ya ukutani, na hawakupanda ovyo. Walihesabu miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, wakajua mwongo wa kufyeka na mwongo wa kutia mbegu. Hadi leo akina mama wa mwani wa Kibuyuni watakutajia bamvua na maji mafu bila kugusa simu. Elimu hiyo naivulia kofia. Lakini mwongo ulikuwa wa kijiji kizima: mmoja akisahau, kumi walimkumbusha. Deni la mbegu unalikumbuka peke yako, na aliyekukopesha analikumbuka peke yake, na hesabu mbili za namna hiyo sijaona zikikutana.

7. Ujumbe wa simu

Tangu wakulima waandikishwe 2023, mbolea ya ruzuku hutanguliwa na ujumbe, mfuko ukafuata: kilo 50 kwa shilingi 2,500, bei iliyotangazwa Agosti mwaka huo. M-Pesa nayo ni shahidi mzuri, inataja jina, tarehe, saa hata dakika. Shida ni kwamba shahidi huyu anakaa kwenye mfuko wa shati, na shati linainama kisimani. Unakili kabla hujachota maji.

6. Pakiti tupu

Mbegu iliyothibitishwa huwa na kibandiko cha wakaguzi wa mbegu, KEPHIS. Unakikwangua, unatuma nambari kwa 1393, unajibiwa kama mbegu ni halali. Dakika mbili tu! Sisi lakini pakiti ya Pwani Haibridi tunaiwashia moto wa chai kabla shimo la mwisho halijafukiwa. Mwaka 2024, habari za mbolea bandia ziliposhika nchi nzima, aliyekuwa na mfuko wake alikuwa na cha kuonyesha. Aliyeuchoma alikuwa na hasira tu, na hasira haina nambari ya shehena. Pakiti haili, hailali kitandani. Itundike.

5. Karatasi ya mzani

Hapa tukae kidogo. Korosho, biksa, mwani uliokaa kambani siku kama 45 ukaanikwa: vyote vinauzwa kwa kilo, na mzani ni wa mnunuzi. Mwenye mzani ndiye mwenye kalamu, na mwenye kalamu hajioni akikosea.

Shangazi yangu aliwahi kuuza gunia la korosho. Usiku wa kuamkia siku ya kuuza alilipeleka kwa mwenye duka, likapimwa kilo 74. Hakuwa na karatasi, akaokota mkaa, akaandika ubavuni mwa gunia: 74, Jumanne. Kesho yake mnunuzi akalitundika, akasoma 68. Shangazi hakupaza sauti. Akaligeuza gunia upande wa mkaa, akasema, "Mwanangu, korosho zangu zimelala ndani, hazikwenda harusini. Hebu soma tena." Akasoma tena. Zilikuwa 74.

Karatasi ya mnunuzi iombe kila mara, lakini uipeleke nakala yako kwanza, hata kama ni ya mkaa.

4. Hati ya ardhi

Najua wewe uliitarajia iwe ya kwanza. Subiri. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wa maili kumi waje waandikishe madai yao. Wengi wa Mijikenda hawakuandikisha. Ardhi walikuwa juu yake, wamezika wazee ndani yake, waende kuidai kwa nani? Ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza, na wajukuu wa waliopanda miembe wakaitwa maskwota chini ya miembe hiyo hiyo. Kwa hiyo hati ni nzito, na ukiambiwa usajili umefika kijijini kwenu, acha jembe uende. Nimeiweka ya nne kwa sababu moja: hati inasema munda ni wako. Haisemi ulipanda nini, ulivuna nini, wala nani anakudai. Kuna wenye hati safi sandukuni na hasara isiyojulikana imetoka wapi.

3. Utepe wa Gazi

Pale Gazi na Makongeni, watu waliamua kuupima msitu wao. Mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza kaboni, unalinda hekta 117. Mti unazungushiwa utepe kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini, unene unaandikwa, na hesabu hiyo ndiyo inayoleta pesa za maji na shule. Fikiria: mkoko umesimama pale pale, haukukatwa, haukupakiwa lori, na umeuza kitu kwa sababu mtu aliingia topeni na kalamu. Ukiniambia kuandika hakulipi, nitakupeleka Gazi, na viatu utavibeba mkononi.

2. Mtu aliyekuwepo

Kwetu mnazi unaweza kuwekwa rehani na ardhi ikabaki ya mwingine. Makubaliano hayo yalisimama kwa watu: wazee walioitwa, wakaona, wakanywa, wakakumbuka. David Parkin alikaa na Wagiriama wa Kaloleni, akaandika kitabu kilichotoka 1972, akakiita Palms, Wine, and Witnesses. Minazi, tembo, mashahidi: biashara yote imeingia kwenye jina la kitabu.

Shahidi hodari huulizwa swali, karatasi haiulizwi. Ila shahidi naye huzeeka. Mwandike jina lake angali hai, na wa upande wa pili awepo. Na tembo liletwe baada ya sahihi.

1. Daftari la shule

Wahenga walishalimaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Kurasa 96, kalamu imefungwa kwa uzi ili isihame, linaning'inia juu ya mlango wa jikoni moshi usikofika. Si lazima ujue kuandika. Jirani yangu upande wa Shimba Hills hajui, anamtajia binti yake wa gredi ya tano kila jioni, na mtoto anaandika kila anachosikia:

"Jumatatu, mvua. Jumatano, mahindi pakiti 2, vibarua 3, kila mmoja 400. Jumamosi, palizi, kibarua 1 hakuja."

Ndovu wa hifadhi walipovuka usiku, asubuhi yake ikaandikwa: "Ndovu 2. Mahindi mistari 14 upande wa mwembe. Picha iko kwa simu ya kaka. Mbwa hakubweka."

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatoa nafasi ya kudai fidia ya mazao, na mdai huulizwa alichopanda na kilichoharibiwa ni kiasi gani. Wengi hapo hutazama juu wakitafuta jibu mawinguni. Jirani yangu alishusha daftari. Ofisa akasoma ukurasa, akacheka pale penye mbwa, kisha akaingia mundani kuhesabu. Alitoka na mistari kumi na minne.