Sifa za Mheshimiwa Poti ya Michezo

Prosesa imesifiwa, diski imesifiwa, hata feni imepata watu wa kuitetea. Poti ya michezo ya kompyuta za zamani imeambulia matusi tu, hasa ya waandishi wa programu. Leo naisifu mimi, na nitaiita Mheshimiwa, kwa kuwa tabia zake ni za mkubwa haswa: hafanyi kazi, anangojewa, na mambo yakiharibika lawama inamwangukia aliye chini yake.

Aliingia kazini mwaka 1981 pamoja na IBM PC ya kwanza, akiwa kwenye kadi ya kununua kando. Tundu la pini 15, chipu moja ya 558 yenye vipima muda vinne, na anwani moja, 201 kwa hesabu ya heksadesimali: mali yake yote ni hiyo. Joistiki inayochomekwa humo nayo haijui imeelekezwa wapi. Ndani yake mna potenshiometa, yaani ukinzani unaopanda na kushuka kati ya omu 0 na 100,000. Kadi yenye bidii ingeugeuza ukinzani huo kuwa namba na kuikabidhi. Mheshimiwa hajishushi kiasi hicho.

Utaratibu wa kumwona ni huu. Andika chochote kwenye anwani 201: 0, 255, umri wako, hata hasomi. Papo hapo biti nne za chini zinakuwa 1 na kapasita zinaanza kujaa. Kapasita ya mhimili fulani, yaani mwelekeo mmoja wa joistiki, ikifika kiwango chake, biti yake inarudi 0, na ukinzani ukiwa mkubwa inachelewa. IBM wenyewe walitoa kanuni: mikrosekunde 24.2, ujumlishe 0.011 kwa kila omu. Joistiki ikilalia upande mmoja, jibu linatoka mara moja. Ikilalia upande wa pili, inapita zaidi ya milisekunde 1. Muda wote huo prosesa inasimama mlangoni ikihesabu, maana Mheshimiwa hana kengele ya kumwita mtu ndani. Na saa ya kompyuta ikiikatiza prosesa katikati ya hesabu, namba inaharibika na ndege ya mchezaji inashtuka angani bila sababu. Kwa hiyo waandishi walizima viingilizi vyote, yaani ishara za kuikatiza prosesa, mpaka jibu litoke. Ofisi nzima kimya, mkubwa anafikiri.

Waandishi wa lugha ya BASIC walipangiwa itifaki: uliza STICK(0) kwanza, ndipo mihimili yote minne isomwe, ukianzia STICK(2) utapewa habari za zamani. Vitufe vya joistiki navyo, kwa Mheshimiwa, husema 1 vikiachwa na 0 vikibonyezwa. Na joistiki isipochomekwa kabisa, ile 1 ya mhimili haishuki kamwe. Mwandishi asiyeweka ukomo kwenye hesabu yake atakesha, na programu yake imeganda.

Ukuu wake hasa ulidhihirika kompyuta zilipopata kasi. PC ya kwanza ilikwenda megahezi 4.77, na ilipofika prosesa ya 486 ya megahezi 33, mzunguko uleule wa kuhesabu ulitoa namba kubwa mara nyingi, na kama namba iliwekwa kwenye baiti moja, ilivuka 255 ikaanza upya. Mheshimiwa hakubadilika hata chembe. Waliobadilika ni wengine. Ndiyo maana michezo ikaanza kumwamuru mchezaji apeleke joistiki kona ya juu kushoto, abonyeze, kisha chini kulia, abonyeze tena, kabla hajarusha hata risasi. Zikauzwa pia kadi zenye kitufe cha kuzungusha nyuma, ili mwenye kompyuta arekebishe kasi kwa mkono.

Halafu vyeo vikaongezeka. Kadi ya sauti ya Sound Blaster ya mwaka 1989 ilikuja na poti ya michezo ya kwake, nayo kwenye anwani 201. Aliyekuwa tayari na kadi ya michezo akawa na wakubwa wawili kiti kimoja, mpaka achomoe jampa ili mmoja astaafu.

Naacha utani kidogo. Kwa kuwa alipima ukinzani wowote ule, watu walimwunganishia thamista na vihisi mwanga, wakapima joto na mwanga kwa gharama ya nyaya chache. Mvivu huyu hakuuliza kilicholetwa ni joistiki au la.

USB ikaja mwaka 1996, na joistiki yake inajitambulisha yenyewe: nina mihimili kadhaa, vitufe kadhaa, namba hizi hapa. Windows Vista ikamwondoa Mheshimiwa kazini rasmi. Lakini wapenzi wa joistiki za zamani wameunda adapta za kuzichomeka kwenye USB, na kwa kuwa ndani ya joistiki bado hamna kitu ila ukinzani, kila adapta imewekewa prosesa yake ndogo, iliyoajiriwa kwa kazi aliyoikataa Mheshimiwa: kuugeuza ukinzani huo kuwa namba.