Pancha ya Mikumi

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mahali pabaya pa kupata pancha ni katikati ya hizo kilomita. Dereva yuko chini na jeki. Utingo anatafuta jiwe la kuzuia tairi, na kila akiinama anageuka nyuma, maana simba hapigi honi. Juu ya gari kuna sanduku la plastiki lenye matundu, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Ndani wamo vyura wa Kihansi wanaorudishwa kwao. Waliosogea kuangalia ni Nyani, kijana wa hapohapo barabarani, na Twiga, mama mtu mzima.

NYANI: Shikamoo shangazi.

TWIGA: Marahaba. Mbona leo umechana nywele?

NYANI: Nimetoka kupiga picha ya paspoti.

TWIGA: Paspoti ya nani?

NYANI: Yangu. Vyuma vimekaza, shangazi. Wewe huwezi kujua, chakula chako kiko juu, hakuna anayekigusa. Mimi naishi kwa madirisha ya mabasi. Zamani basi la Mbeya likipita hapa unaokota paja la kuku lina nyama, chipsi zinatupwa na mfuko wake. Siku hizi abiria anakula ndizi, analitazama ganda, analirudisha kwenye mfuko. Juzi nimetupiwa gunzi. Gunzi, shangazi! Na mwenyewe alilirudia mara mbili kwa meno kabla hajaliachia.

TWIGA: Lakini bango lile pale limeandikwa wasiwalishe wanyama.

NYANI: Bango limewakataza wao kutoa, halijanikataza mimi kupokea. Halafu usinitajie mabango. Lile la faini nimelisoma. Mtu akikugonga wewe analipa dola 15,000. Akinigonga mimi, dola mia na chenji. Sasa kijana aliyethaminiwa hivyo na nchi yake, tena akiwa maiti, anabaki hapa kusubiri nini?

TWIGA: Hizo 15,000 unaziona kubwa kwa sababu hujawahi kufiwa. Mwenzetu alipogongwa hakuna mtoto wa twiga aliyeitwa kupokea hata shilingi.

NYANI: Basi mimi nimeshapata mtu. Kunguru mmoja wa Dar, ni wakala, amenitumia voisi. (Simu yenyewe aliichomoa kwenye dirisha la basi la Songea, mwenye nayo alilia mpaka Mikumi mjini.) Kuna bustani ya wanyama huko Ghuba, wanatafuta nyani. Mkataba miaka miwili. Matunda mara tatu kwa siku, chumba kina kiyoyozi. Kazi ni kukaa na kutazamwa.

TWIGA: Na hapa unafanya kazi gani?

NYANI: Kukaa na kutazamwa. Ila bila kiyoyozi.

TWIGA: Na watazamaji wenyewe tuliwaona 2020. Mwaka mmoja kabla yake nchi ilipokea watalii milioni moja na nusu, korona ikaja wakabaki laki sita na ushee. Nilikuwa nasimama kando ya barabara nimejipanga vizuri, hakuna anayetoa kamera. Lakini sikufunga mizigo. Nawajua waliofungiwa mizigo.

NYANI: Akina nani?

TWIGA: Wenzangu wa kaskazini. Novemba 2010, usiku, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ikatua ndege ya jeshi la Qatar. Wakapakiwa wanyama zaidi ya mia moja, na twiga wanne wamo. Twiga, mwanangu! Mama mmoja wa Ruaha Mbuyuni akipita na gunia la vitunguu anasimamishwa kila kizuizi aonyeshe ushuru, lakini twiga wanne wakapita uwanjani na shingo zao hizi na hakuna aliyeona kitu.

NYANI: Kwa hiyo walifika salama.

TWIGA: Kufika walifika. Bunge likawaka, kesi ikafunguliwa, na 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai. Ila salamu za wale wanne sijazipata mpaka leo.

NYANI: Labda wamenogewa.

TWIGA: Labda. Mtu akienda bila jina lake kwenye karatasi yoyote, utamuulizia kwa nani?

NYANI: Kunguru anasema hiyo marufuku ni ya wanaopita mlango wa mbele.

KAMBA: Nyie hapo chini, ongezeni sauti basi. Nasikia nusunusu.

NYANI: Nani huyo? Shikamoo babu.

KAMBA: Marahaba. Mimi ni mkonge wa Kimamba, hapo Kilosa. Hiyo Ghuba unayoitaja nimekaa. Muscat.

NYANI: Wewe? Umefikaje Muscat?

KAMBA: Kwa begi la dada yake huyu utingo. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfunga mbuzi. Mbuzi akauzwa ipatikane shilingi 150,000 ya paspoti, nikabaki nimetundikwa mlangoni sina ajira. Siku ya safari, stendi ya Kilosa, zipu ya begi ikaachia. Mama yake akarudi nyumbani mbiombio, akanichukua, akanizungusha kwenye begi mara tatu. Ndiyo viza yangu hiyo.

TWIGA: Na kule ukafanya nini?

KAMBA: Nikawa kamba ya kuanikia, juu ya paa. Yote niliyaona kutoka juu. Siku ya kwanza mwajiri alipokea paspoti ya binti, akaiweka kwenye droo, akafunga. Kule anaitwa kafili. Bila yeye huhami kazi. Mkataba wa Dar ulisema nyumba moja. Kumbe na nyumba ya mama mkwe inahesabiwa humohumo. Alikuwa anapanda kuanika saa saba usiku, vibanio vya nguo kavishika kwa meno, anaanika huku amefumba macho. Kuna usiku alianika kitambaa cha deki, akakikunja kwa adabu zote kama kanzu ya bwana.

NYANI: Kwa hiyo alirudi mikono mitupu.

KAMBA: Nani amekuambia? Nyumba ipo Kimamba. Vyumba viwili, bati la rangi, madirisha ya vioo. Huyu mdogo wake alilipiwa veta kwa pesa hiyohiyo akasomee udereva, ingawa mpaka leo naona yeye ni wa kutafuta mawe tu. Ulitaka nikwambie hakuna faida ili ulale usingizi? Faida ipo. Ila mlango ukigongwa usiku binti anaruka kitandani, na anaitika kwa Kiarabu.

NYANI: Ndiyo hivyo babu, kila kitu kina gharama. Lakini Kilosa nako kuna nini? Kilosa hakuna kitu.

KAMBA: (akicheka mpaka sanduku likatikisika) Kilosa hakuna kitu! Mjukuu wangu, Kilosa ndiyo ilikuwa ng'ambo ya watu. Treni ilikuwa inawashusha manamba Kimamba na Kilosa, wametoka Kigoma, wametoka Urundi, wametoka kusini kote huko, wanakuja kukata mkonge. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwatafuta, SILABU, tangu 1944. Wakala wa SILABU alikuwa hodari wa majira. Anaingia kijijini njaa imebana na kodi ya kichwa inadaiwa. Akija wakati ghala limejaa, nani atamsikiliza?

TWIGA: Huyo ni Kunguru kabisa.

KAMBA: Unapewa kipande, siku 30 za kazi. Mshahara mpaka kipande kijae. Siku ukiumwa, haijazwa. Wapo waliokuja kwa mkataba mmoja na wajukuu wao wako Rudewa leo, Kimamba leo, hawajui hata nauli ya kurudi kwao ni shilingi ngapi. Na nyumbani kwao huko walikotoka, watu walikuwa wanasema fulani amefanikiwa, yuko Kilosa.

NYANI: Na mkonge wenyewe ukaishia wapi?

KAMBA: Miaka ya 1960 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna duniani aliyetufikia. Halafu ikaja kamba ya plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa, mengine yakawa pori. Na usinione mwenyeji. Sisi wenyewe tumekuja. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapita Hamburg, ikapanda meli tena. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62.

SAUTI KUTOKA SANDUKUNI: Sitini na mbili kati ya elfu si haba.

NYANI: Nani tena?

CHURA: Huku, kwenye tundu la tatu. Shusha macho. Shusha zaidi.

NYANI: Mbona mdogo hivyo? Wewe ni mtoto?

CHURA: Mimi ni mtu mzima, nina familia. Na kwa taarifa yako sisi hatutagi mayai, tunazaa. Nimezaliwa Bronx, New York. Nimepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia, pale Mlimani, maabara.

NYANI: Mmarekani! Anko, umerudi kufanya nini huku?

CHURA: Sijarudi. Nimerudishwa. Kwetu ni Kihansi, kwenye maporomoko ya Udzungwa. Wazee waliishi ndani ya manyunyu ya yale maji, kieneo cha hekta mbili hivi, na duniani kote hakuna kwingine tulikowahi kukaa. Wanadamu walitugundua 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa. Maji yakapelekwa kwenye mitambo, megawati 180. Manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 wakaja na masanduku, wakachukua 499.

TWIGA: Mia tano kasoro mmoja. Huyo mmoja alikosa nini?

CHURA: Hata nyumbani tunaulizana.

NYANI: Na huko Marekani mlipokelewa vizuri?

CHURA: Taa maalumu, maji maalumu, wataalamu wamevaa glavu. Na wengi wakafa miaka ya mwanzo. Taa ile si jua, na maji yale hayakuwa ya Kihansi.

NYANI: Umeona shangazi? Afadhali waliobaki.

CHURA: Waliobaki waliwekewa mabomba ya kunyunyiza maji, wakaongezeka, wakafika maelfu. Mwaka 2003 ukaingia ugonjwa wa kuvu ya ngozi. Miezi michache wakaisha. Mwaka 2009 tukatangazwa kwamba porini tumetoweka. Kwa hiyo waliokwenda walikufa, waliobaki walikufa, na sisi uzao wa waliosalia tuko hapa tunasubiri pancha izibwe.

NYANI: Sasa mimi nishike lipi?

CHURA: Sikuwa nakushauri. Nilikuwa nazungumzia familia yangu.

KAMBA: Lakini huyu nimemfunga tangu Dar, nimeona msafara wake. Mwambie ukweli kuhusu karatasi.

CHURA: Karatasi ninazo. Kibali cha kutoka, kibali cha kuingia, cheti cha afya, barua za wizara, barua za chuo. Tumehesabiwa tulipopakiwa, tutahesabiwa tukishushwa. Nikifa njiani kuna mtu ataandika ripoti. Na kule bondeni mabomba ya kunyunyiza yako tayari, kuna mtu kazi yake ni kuhakikisha hayazibi.

TWIGA: Huu ndio upokezi! Wanadamu wao wakibeba boksi ughaibuni miaka ishirini, wakijenga na kusomesha ndugu huku, wakishachukua uraia wa huko nchi inawaambia uraia pacha haupo, yenu ni hadhi maalumu.

CHURA: Hadhi maalumu hata mimi ninayo. Si unaona, sanduku lina barafu.

TWIGA: Basi ungezaliwa mtu ungeteseka.

CHURA: Nimesikia wanadamu walinung'unika kwamba vyura wanagharamiwa kuliko watu. Siwalaumu. Ila wasimnunie chura. Chura hakuomba bwawa, na umeme wenyewe hatuna hata balbu moja. Bwana Nyani, huyo Kunguru wako, paspoti kasema atakaa nayo nani?

NYANI: Hatujafika huko. Tumefika kwenye ada ya fomu.

KAMBA: Ada ya fomu hawasahau. Na ukifa huko, mwili unarudishwa kwa pesa ya nani?

NYANI: Babu, mbona tayari umeshanizika?

TWIGA: Muulize sasa hivi. Simu si unayo, hata kama ya wizi?

(Utingo amefunga nati ya mwisho. Anapanda juu, anavuta Kamba kukaza sanduku, Kamba analalamika kwa lugha ambayo Kilosa haifundishwi. Gari linawaka. Chura anasema jambo kutoka tundu la tatu lakini eksozi imemmeza. Wanaondoka kuelekea Mikumi mjini. Nyani amebana kitufe cha voisi.)

NYANI: Kaka Kunguru, habari za Dar. Nina maswali mawili tu. Paspoti nitakaa nayo mwenyewe? Na huo mkataba naweza kuusoma kabla ya kutuma ada?

(Jibu linaingia mara moja. Biashara ni nzuri, Kunguru yuko hewani muda wote.)

KUNGURU: Mdogo wangu, wewe unatafuta kazi au unatafuta paspoti?

NYANI: Vyote, kaka.

KUNGURU: Sawa. Nitakutafuta.

NYANI: Haya, naomba basi uniambie ni lini. Kaka? ... Shangazi, hii nimetuma imebaki tiki moja.

TWIGA: Labda bando limemwishia.