Namna ya Kuililia Runinga ya Zamani ya Safari Rally Ukiwa Lukuledi

Mzee anayejiheshimu, awe Lukuledi, Masasi mjini au Newala, hawezi kupita kijiweni bila kulalamika kwamba mbio za magari za Safari Rally kwenye runinga siku hizi hazina ladha. Nawe ukitaka kuitwa mkongwe, fuata hatua hizi.

1. Izike kalenda. Zanzibar ilipata runinga mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo mtu aliyemtazama Joginder Singh akishinda 1974 na Mitsubishi yake, naye akiwa hukuhuku Lukuledi, alimtazama kwa masikio, redio ikiwa mapajani. Usimuumbue. Itikia, "Na picha ilikuwa safi!" kisha omba kahawa nyingine.

2. Chagua shujaa aliyestaafu. Bingwa wa mwaka huu hana heshima. Mtaje Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliyeshinda 1966 na 1967 na Peugeot 404. Huyo ni wa nyumbani. Mwongeze Shekhar Mehta: 1973, halafu mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Miaka hiyo itamke polepole, ukitazama mbali. Malizia na 1963, yalipoanza magari 84 yakafika 7. Kijana akiuliza yale 77 yaliishia wapi, mjibu, "Matopeni, mjukuu wangu," unyamaze.

3. Usifu ubovu. Runinga zilipofika, picha ilikuwa nusu gari, nusu chenga. Mtoto alipandishwa kuzungusha antena kwenye mlingoti wa mwanzi, ndani watu wakipiga kelele, "Hapohapo! Aa, umepitiliza!" Kwenye kibanda umiza jenereta lilizimika gari likiwa hewani, na mwenye deki hakurudisha kiingilio. Haya yote yaite "utamu".

4. Yalaani ya leo. Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, makao yake Naivasha. Zamani ilizidi kilometa 5,000, Kenya, Uganda na Tanzania zikikatizwa usiku na mchana katika mvua za Pasaka. Ile ya 2021 ilikuwa na kilometa 320 hivi za kushindania muda. Lakini usiulaumu ufupi, ilaumu kamera. Iko ndani ya gari, iko angani, na simu inakupa muda wa kila dereva mpaka sehemu ya sekunde. Zamani gari likipotea gizani lilikuwa mali ya kijiwe: huyu kalizamisha mtoni, yule kalipitisha porini, na hakuna wa kubisha hadi taarifa ya habari. Siku hizi muongo anaumbuka kabla hajameza mate.

5. Jipe utaalamu. Kama umewahi kupanda roli la korosho likikwea kuelekea uwanda wa juu wa Newala wakati wa masika, huna haja ya cheti cha uchambuzi. Sema, "Kona ile Mehta mwenyewe angeshuka akasukuma." Barabara ya Masasi hadi Newala imekuwa ikiwekewa lami kipande kwa kipande, basi lilie vumbi nalo mapema, kabla foleni ya waombolezaji haijawa ndefu.

6. Wapuuze Wamarekani. Wao wanazililia mbio zao za magari za Daytona 500 za 1979, za kwanza kurushwa moja kwa moja na runinga ya CBS tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti ya mtangazaji Ken Squier. Maskini, kilio chao kina ushahidi! Kanda ipo, mtu akitia chumvi wanaifungua wanamsuta. Sisi wa Lukuledi tunalilia matangazo ambayo hayakutufikia, na hakuna kanda ya kutuaibisha.

7. Mzaha ukiisha, fanya kazi. Enzi za Mehta picha hatukuwa nayo. Tulikuwa na msimuliaji aliyesikia taarifa ya dakika mbili akaigeuza hadithi ya jioni nzima. Huyo ndiye tunayemlilia, si runinga, naye hahifadhiwi na kituo chochote. Mbio zijazo zikianza, bando likingali na pumzi, zima kwanza hiyo video, washa kinasa sauti cha simu, umwekee mbele babu mmoja anayejua kutia chumvi.