Gari Limekata Moto Mlima Magara: Namna ya Kutafuta Ubovu Bila Kupoteza Heshima

Unapanda Mlima Magara na Noah iliyojaa, unaelekea Mbulu. Nyuma kuna mama mwenye ndoo ya samaki, kijana mwenye godoro, na mzee mwenye fimbo ambaye tangu stendi hakukuamini. Ghafla injini inanyamaza. Unapiga stata, haiwaki. Wote wanakitazama kisogo chako.

Ndugu yangu dereva, tulia. Una vitu viwili vya kuokoa, gari na jina lako, na vyote vinaokolewa kwa hatua zilezile. Zifuate kwa uso mkavu.

1. Toa amri. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito, na ukikanyagakanyaga breki mara mbili tatu inakuwa ngumu. Basi kanyaga mara moja, shikilia, egesha ukingoni, vuta breki ya mkono. Halafu paza sauti: "Konda, mawe! Wewe kijana, matawi, yaweke kabla ya ile kona!" Matawi yakae mbali, si hatua tano kutoka kwenye bampa, maana lori lililoshika mwendo halisimami kwa hatua tano. Anayepanga mawe na matawi haulizwi kwa nini gari limezima. Tayari wewe ni kamanda.

2. Muulize abiria wa mbele: "Umesikia lilivyozima?" Atajisikia mtu mkubwa, nawe utapata taarifa bure, kwa sababu yeye hakuwa ameshika usukani. Kama lilikatika mara moja, mithili ya taa iliyozimwa, shuku umeme: fyuzi, rilei, sensa, waya. Kama lilianza kukohoa na kukosa nguvu kabla ya kufa, shuku mafuta. Kama taa nyekundu ya betri ilikuwa imewaka tangu bondeni na taa za mbele zikafifia, alteneta imeacha kuchaji na betri imekwisha. Kwa jibu lolote, itikia kwa kichwa polepole.

3. Sasa omba kimya. "Jamani, naomba kimya kidogo." Hapo ndipo mzee mwenye fimbo anaanza kukuheshimu. Mtume konda afungue mfuniko wa tangi la mafuta na kutega sikio, asikie kama pampu ya mafuta inanguruma. Washa swichi, kisha piga stata mara moja tu, sekunde tano. Ukiipiga mara ishirini unaua betri, na kila mtu anajua umebabaika.

Stata haizunguki, inalia tu "tak"? Shika vichwa vya betri kwa mkono. Kimoja kikizunguka, umemkamata mwizi. Barabara mbovu zinatikisa, na nati ya kichwa cha betri ni ya kwanza kulegea. Utaona unga mweupe wenye ukijani umekaa kati ya risasi na kichwa; ukwangue kwa kisu mpaka chuma king'ae, kaza, piga tena. Kama ni gari la otomatiki na stata haitoi hata mlio, sogeza gia kutoka P hadi N, kanyaga breki, ujaribu. Ikiwaka, usieleze ulichofanya.

Ila kama mshale wa joto ulikuwa umepanda na injini haizunguki kabisa, acha. Usilazimishe, wala usifungue rejeta ya moto. Maji yake yanaunguza uso, na hakuna jina la kuokoa juu ya uso ulioungua.

Stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, haraka, bila uzito? Huenda mkanda wa taimingi umekatika. Huku ndiko kushindwa kwenye heshima kuliko kote. Funga boneti, jifute mikono, sema: "Hii si kazi ya barabarani." Ni kweli, na ukiendelea kupiga stata unaweza kupinda valvu zaidi.

4. Stata inazunguka kama kawaida lakini injini haishiki. Hapa ndipo penye utamu. Muulize konda kama amesikia mngurumo tangini. (Toyota nyingi za zamani pampu hufanya kazi wakati wa kupiga stata tu, kwa hiyo sikio likae pale muda wote.) Hakuna mngurumo? Angalia fyuzi, kisha piga honi. Ikilia, rilei yake ni nzima. Ichomoe, linganisha namba na miguu na ile ya pampu, na zikifanana, hamisha. Abiria hawajui rilei ni nini, lakini wataona mtu anayechomoa kitu na kukipachika kwa uhakika.

Bado kimya? Vua kiatu, ingia chini, ugonge tangi kwa kisigino wakati konda anapiga stata. Pampu iliyochoka mara nyingi huamka kwa kipigo. Ikiamka usizime injini mpaka ufike mjini, maana safari ijayo huenda isiamke.

Pampu inanguruma na bado haiwaki? Kumbuka uko mlimani. Pua ya gari ikiwa juu, mafuta kidogo yaliyobaki yanakimbilia upande wa nyuma wa tangi na pampu inaweza kunyonya hewa, hata kama mshale unakudanganya kwamba robo ipo. Mimina lita tano. Kama ulinunua mafuta ya chupa njiani, chukua kidogo kwenye chupa nyeupe uiache itulie. Maji, kama yamo, yatashuka chini na kujitenga kwa mstari unaoonekana. Waonyeshe abiria, lawama inahamia kwa muuzaji.

Na kama lilikatika ghafla likiwa na joto, na mshale wa RPM haujitikisi unapopiga stata, dau langu liko kwa sensa ya kranki. Ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Kwa hiyo fungua boneti, au wainue abiria wa mbele kama ni Noah ya zamani yenye injini chini ya viti, shika spana, zungukazunguka nusu saa. Likiwaka, sifa ni zako. Ila ukifika, fundi apime kwa mashine. Akikuta P0335, tafuta sensa mpya.

5. Dizeli ina mambo yake. Land Cruiser au Fuso linalotoka mashamba ya ngano ya Basotu likizima, mara nyingi limevuta hewa au filta ya dizeli imeziba. Legeza nati ya kutolea hewa, bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, kaza. Madereva wengi hukimbilia kukung'uta filta ya hewa kwa sababu vumbi linaloruka linapendeza machoni. Filta ya hewa ikiziba, gari hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Ni nadra kuzima papo hapo. Kama ni lazima uikung'ute mbele ya watu, ikung'ute baada ya kumaliza kutoa hewa.

6. Nusu saa imepita, haliwaki. Sasa shindwa vizuri. Simamisha gari lijalo, mpandishe kwanza mgonjwa anayekwenda hospitali ya Haydom, kama yupo, halafu mama na ndoo yake. Warudishie sehemu ya nauli kabla hawajadai, tena hadharani. Anayerudisha nauli bila kudaiwa hupandwa tena kesho.

Kisha mpigie fundi wa Mbulu, au wa Katesh kama uko upande wa Hanang. Usimwambie "gari limezima". Mwambie: "Stata inazunguka kawaida, pampu inanguruma, mshale wa RPM haupandi." Atakuja na kifaa kinachohusika badala ya kuja kuangalia tu. Na akifika, mtajie kila ulichogusa, hasa ile rilei uliyohamisha, la sivyo atapoteza saa nzima kutafuta kwa nini honi yako hailii, na saa hiyo utailipa wewe.